Misa ya Dereva wa Kitabuni

Mimi nasoma kwa mdomo. Kusoma kwa macho peke yake, kama wanavyofanya wasomi kwenye meli ya Mwanza, midomo imefungwa utadhani wanaumwa meno, siwezi na sina mpango wa kujifunza. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipopooza mguu na kibanja, shamba letu la migomba, kikahitaji mikono. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa sauti. Ukisoma kimya anakuchapa, anadhani umelala. Nikatoka kwake na sauti hiyo, na ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo, na nilipo si pabaya. Anayebisha aje Bukoba aulize nyumba ya muuza samaki, ataletwa mpaka mlangoni.

Nayasema haya kwa sababu huko Ijumbi na Kishanda bado wapo watu wanaosimulia habari yangu vibaya. Wanasema nilimdanganya padri akasoma misa ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Wanaocheka zaidi ni wale waliokwenda seminari wakarudishwa. Waache wacheke. Mimi nitaieleza kama ilivyokuwa, na mwisho wake sitaomba radhi, kwa hiyo anayesubiri radhi afunge kitabu sasa hivi akalime.

Wakati wa vita nilikuwa kijana wa kubeba mizigo bandarini Bukoba. Mabomu yalipoanza kusikika upande wa mto Kagera, wenye elimu zao walipanda meli na masanduku. Mimi nikabaki na mabega yangu. Nilibeba magunia ya wengine mpaka siku moja nikabeba la kwangu, gunia la dagaa, na tangu siku hiyo sijabeba tena la mtu. Vita vilipokwisha nilikuwa nakwenda na kurudi visiwani Muleba, nanunua samaki kwa wavuvi waliotoka kila upande wa ziwa, nauza nchi kavu. Nilipata mtumbwi, nikapata injini. Sikuandikiwa barua ya kupendekezwa na mtu yeyote.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinavuka mpaka, maana waliotangulia kuugua walikuwa watu wa biashara za mpakani. Watu kama mimi. Kwetu kilio kikisikika hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe. Miaka ile vilio vilifuatana kiasi kwamba majembe yalikaa ukutani, magugu yakapanda mpaka kwenye mikungu. Watu walizika, wakaja nyumbani kuoga, wakaitwa tena.

Kitabu nilikinunua sokoni Bukoba, kwa mama mmoja aliyetandaza vitabu vya dini juu ya turubai, karibu na wauza mitumba. Nilipendezwa na lori lililochorwa kwenye jalada, nikadhani ni hadithi ya biashara. Nilipokifungua mtumbwini nikakuta mambo mengine. Kulikuwa na dereva wa lori, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyeokoka kabisa na anayempenda mke wake, na bado kila safari anapotea. Halafu anaugua. Mke wake naye anaimba kwaya, na anajua. Hakikuwa kitabu cha watakatifu wa zamani waliokatwa vichwa Ulaya. Huyu alikuwa mtu wa siku hizi. Anakula wali hotelini kando ya barabara, anagombana na trafiki, anapiga magoti chini ya lori lake akimwomba Mungu, na Mungu hajibu.

Sikuwa najua kwamba dini inaruhusu kuandika hivyo. Katekisimu niliyokaririshwa ilikuwa na jibu chini ya kila swali. Hiki kilikuwa na swali, halafu swali, halafu mtu analala na swali lake.

Wavuvi walinicheka.

"Bosi, leo unawahubiria sangara?"

"Nasoma."

"Huyo dereva amefika wapi?"

"Amefika Singida, anakohoa."

Wakarudi kwenye nyavu zao. Baadaye mmoja, jitu kubwa lisilojua woga wa mawimbi, akaja karibu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Bosi, lakini mwishoni anapona?" Nikamwambia sijafika. Alikuwa anauliza habari zake mwenyewe, hata mtoto angejua.

Sasa nije kwa dada yangu, maana habari yote ni yake. Dada yangu mkubwa aliolewa Ijumbi. Mume wake alitangulia kwa ugonjwa huo, na yeye akaanza kukonda. Parokia ya kule ilikuwa na jumuiya ndogo ndogo, kama kote kwetu: majirani wanasali pamoja kila Alhamisi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu ya dada ilipofika, ilirukwa. Mara mvua imenyesha, mara njia ina utelezi, mara mwenyekiti ana mgeni. Hakuna aliyesema neno la ukweli. Walimsalimia kutoka barabarani, vizuri tu, kwa heshima zote, wakapita. Shemeji zake walimletea ndizi wakaziacha kwenye shina la mgomba, mbali na mlango.

Dada hakuwa mtu wa kulia. Aliniambia siku moja, nikimwekea maji: "Mdogo wangu, kufa nitakufa. Nisichotaka ni kufia humu peke yangu, mje kujua kwa harufu."

Maneno hayo hayakunitoka. Fedha nilikuwa nayo, lakini ni nani ninayeweza kumnunua aje akae na dada yangu? Nilijaribu. Nilimleta binti wa kumtazama, akakaa siku mbili akatoroka na blanketi.

Basi nikaanza kwenda mwenyewe kila Alhamisi, nikitoka kwenye mnada wa samaki. Baada ya kumlisha hatukuwa na la kusema. Nikatoa kitabu, nisome changu. Na kwa sababu mimi nasoma kwa mdomo, na mdomo wenyewe umezoea kushindana na injini ya mtumbwi, nadhani Ijumbi yote ilisikia.

Jirani wa dada alikuwa mwanamke mzee, mjane, tuliyemwita mukaka, yaani bibi, ingawa si wa ukoo wetu. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga. Akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua:

"Wewe mtu wa samaki! Unagombana na nani humo ndani na mgonjwa?"

"Sigombani, mukaka. Nasoma kitabu."

"Basi soma kwa kueleweka. Huyo mwanamke amemfungulia mume wake mlango au hakumfungulia? Sikio langu moja limekufa."

"Njoo usikie kwa hilo lililo hai."

Akaja. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama kuku anayepima mvua. Alhamisi iliyofuata alikaa juu ya zile nyasi tunazotandaza sakafuni, karibu na mlango lakini ndani. Akaja na mwenzake. Mwenzake akaja na binti yake mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa natafsiri kwa Kihaya pale walipokwama, na pale nilipokwama mimi niliongeza sauti.

Hawakuwa wasikilizaji wa kukaa kimya. Mke wa dereva alipoamua kumuuguza mume wake, nusu ya nyumba ilimtukana.

"Mjinga huyo! Angerudi kwao."

"Kwao wapi? Ndugu wa kiume wameshagawana kibanja."

"Angalau angemwacha aoze kidogo kwanza, ndiyo amwoshe."

"Waitu, mwenzetu, wewe wa kwako ulimwosha mwaka mzima, leo unamfundisha nani?"

Halafu huyo aliyeambiwa akaanza kueleza habari za mume wake, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisikia, alivyomgeuza kitandani, alivyomchukia, alivyomwombea akimchukia. Alizungumza kana kwamba anamzungumzia mwanamke wa kitabuni. Dada yangu akainuka kwa kiwiko. Akasema: "Mimi wangu niliomba afe haraka. Halafu alipokufa nikaanza kuomba arudi." Wakacheka, wote, na dada akacheka nao. Siku hiyo alitoa kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni mkononi, na mukaka akaipokea kwenye kiganja chake akaitia mdomoni hapo hapo mbele ya watu. Na wengine wakapokea. Nilitazama kurasa, lakini sikuona herufi hata moja.

Katikati ya kitabu dereva akafa. Sikulitegemea hilo, nilidhani mwandishi atamponya mwishoni ili tumsifu Mungu twende nyumbani. Alikufa hotelini barabarani, ameomba msamaha, mke wake amefika akiwa amechelewa kidogo tu. Nyumba ya dada ikawa kilio. Majirani wa mbali walikuja mbio wakidhani dada ndiye amekufa, wakamkuta ameketi anafuta machozi, wakabaki kusikiliza.

Mukaka ndiye aliyeuliza: "Padri alifika?"

"Hakufika. Hawa ni walokole, hawana padri."

"Kwa hiyo amekufa bila mpako wa wagonjwa."

"Bila."

"Na misa hajasomewa."

"Nani amsomee?"

Akatikisa kichwa, akajifunga kitenge, akaondoka. Nilijua anakwenda kufanya nini? Nilihisi. Na nilijua vizuri kwamba dereva ni mtu wa kubuniwa, mwandishi mwenyewe ameandika mwanzoni kwamba ni hadithi. Ningeweza kumwita nikamwambia. Sikumwita. Mwanamke yule alikuwa amezika watoto wake, tena wengine bila mtu wa kumsaidia kuchimba. Mimi ni nani wa kumwambia asimwombee mtu?

Jumapili nilikwenda kusali Ijumbi. Katekista akasoma majina ya marehemu wa misa ile, orodha ndefu, miaka ile zote zilikuwa ndefu, na katikati yake likapita jina la dereva. Lilikuwa jina la mtume, kama majina ya nusu ya wanaume wa parokia yetu, wala hakuna aliyegeuka. Isipokuwa benchi la wanawake wa kwa dada, wote waliinamisha vichwa kwa pamoja. Mukaka alikuwa ametoa mkungu wa ndizi kama sadaka, mkubwa, wa kuliwa na wageni. Niliona padri anainua hostia, nikasema moyoni, dereva, leo umepata.

Katekista alikuwa mtu makini. Baada ya misa alimtafuta mukaka amuulize huyu marehemu ni wa ukoo gani, maana watu wa jumuiya walitakiwa kwenda kusali kaburini kwake. Akamuuliza kaburi liko wapi.

Mukaka akamjibu wazi: "Liko ukurasa wa katikati. Muulize mtu wa samaki."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Niliitwa ofisini kwa padri. Katekista alikuwepo, amekunja mikono. Padri alikuwa kijana kuliko mimi, wa Kihaya kama sisi, aliyechoka kwa mazishi; macho yake yalikuwa mekundu na soli za viatu vyake zimejaa udongo wa makaburini.

Katekista ndiye aliyeanza. "Bwana huyu ameingiza kitabu cha walokole ndani ya jumuiya. Ameifanya nyumba ya mgonjwa kuwa kilabu cha hadithi. Sasa tumemsomea misa kivuli."

"Kitabu nimekinunua kwa fedha yangu," nikasema, "na nyumba ni ya dada yangu."

"Unakiri kwamba mtu huyo hayupo?"

"Hayupo wapi? Mimi nimezika kumi kama yeye."

"Usicheze na maneno mbele ya padri!"

Padri akainua mkono. Akaniuliza taratibu: "Tata, unataka nini hasa?"

Aliponiita tata, baba, mtu mzima, ilinibidi nijibu kama mtu mzima. "Padri, kabla ya kitabu hiki hakuna mtu aliyekanyaga kwa dada yangu. Jumuiya yenu iliruka zamu yake. Sasa wanakuja. Nataka waendelee kuja. Basi."

Katekista akashusha macho kidogo, maana aliyekuwa anapanga zamu ni yeye. Lakini hakulegea. Alitaka nisimame Jumapili mbele ya watu, niseme kitabu ni uongo, niombe radhi na kukikabidhi. La sivyo atatangaza kwamba hakuna mwanajumuiya anayeruhusiwa kwenda kusikiliza.

Nikafikiri. Kusimama mbele ya watu si shida kwangu, nimeshasimama mbele ya mnada. Lakini nikisema kitabu ni uongo, nitakuwa nimewaambia wanawake wale kwamba machozi yao ni ujinga. Nani atarudi tena pale, akaonekana mjinga mara ya pili? Na dada atabaki na kuta.

"Kitabu sitoi," nikasema. "Radhi siombi. Na Jumapili sisimami."

"Kiburi hicho!"

"Ndicho. Kama si kiburi hiki ningekuwa bado nabeba magunia ya watu."

Padri sitamtia maneno mdomoni ambayo hakuyasema, hakunitetea. Alisema kanisa haliwezi kubariki kitabu ambacho halijakisoma, na kwamba tangazo la katekista litasomwa. Halafu akaongeza kwamba misa iliyokwisha kusomwa haifutwi, Mungu mwenyewe atajua ampelekee nani. Akaniruhusu kwenda. Nikiwa mlangoni akaniuliza yule mke wa dereva alifanyaje baadaye. Nikamwambia aje kwa dada Alhamisi asikie mwenyewe. Hakuja. Alikuwa na mazishi.

Tangazo likasomwa. Alhamisi nilifika nyumba tupu. Nyasi za sakafuni zilikuwa mpya, dada alikuwa amejikokota akazitandaza mwenyewe, na zimekaa vile vile, hazijakaliwa na mtu. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata kwenye dhoruba.

Dada akaziba masikio. "Unampigia nani kelele hizo? Tuko wawili tu."

"Nawasomea wanaokuja."

"Na wasipokuja?"

"Nitasoma mpaka waje kunifunga mdomo. Hata hivyo watakuwa wamekuja."

Akacheka hadi kifua kikambana. Nikaendelea. Mke wa dereva alikuwa amefukuzwa kwenye kwaya, kwa sababu wenzake hawakutaka kushika naye kitabu kimoja cha nyimbo, na alikuwa amesimama nje ya kanisa anaimba sauti yake ya pili peke yake huku wao wakiimba ndani. Nilipofika hapo nikasikia majani ya migomba yanachakarisha nyuma ya nyumba. Mukaka alikuwa anapita katikati ya shamba, si njiani, kitenge kimejaa umande na majani.

"Umeanza bila mimi!" akafoka. "Rudi mwanzo wa sura."

"Mukaka, tangazo umelisikia?"

"Nimelisikia kwa lile sikio lililokufa."

Nikarudi mwanzo wa sura. Wengine wakaja nyuma yake, mmoja mmoja, wote kwa kupitia shambani, wakiruka mitaro kama wezi wa mkungu. Mukaka alitazama sakafu ikijaa, akaona hapakaliki, akaenda akakaa kitandani kwa dada, juu ya blanketi lake, akamsukuma miguu kidogo. "Sogea," akamwambia. Dada akasogea.

Kitabu tulikimaliza. Nikanunua kingine kwa yule mama wa turubai, cha mwalimu aliyepoteza imani, wakakipinga kutoka mwanzo hadi mwisho na hawakukosa siku. Baadaye katekista aliacha kutangaza. Zamu ya dada ilirudishwa bila mtu kuniambia chochote. Nilifika Alhamisi moja nikakuta wanasali rozari, ilibidi nisubiri zamu yangu.

Dada alikufa asubuhi, msimu wa senene, nyumba imejaa watu. Niliogopa jambo moja tu: kumwosha. Miaka ile watu walikuwa wanaogopa maiti za ugonjwa huo, nilishaona ndugu wa damu wakisimama mbali na kurusha maji kwa ndoo. Nilikuwa nimevua shati tayari, niifanye kazi hiyo mwenyewe, hata kama si desturi ya kaka kumwosha dada yake.

Mukaka akanitoa nje. "Vaa shati lako. Nani amekwambia huku kuna kazi ya wanaume?" Wakafunga mlango.

Nikakaa kwenye benchi chini ya ukuta. Katekista alifika na kitabu chake cha mazishi, akabisha hodi. Mukaka akamjibu kutoka ndani: "Subiri huko nje na mwenzako, hatujamaliza."

Akaja akasimama mbele ya benchi langu. Sikumwomba radhi, na yeye hakuniomba. Wala sikumsogezea nafasi. Alijibana mwenyewe pembeni, tukakaa bega kwa bega, tukiwasikiliza wanawake ndani wakibishana kama maji yana moto wa kutosha au dada atasikia baridi.